Maswali ya Wasomaji: Ditekta Gani Inasikia Sarafu Chini Zaidi?

Mwezi huu barua nyingi zimetoka pande za Kakamega, Kisumu na Nakuru na karibu zote zinauliza juu ya ditekta, zile mashine za kutafuta metali ardhini. Nimechagua sita. Ya kwanza nimeijibu kwa urefu kwa sababu huyu kijana yuko karibu kutoa pesa nyingi na najua hayuko peke yake.

SWALI: Salamu fundi. Mimi natoka Shinyalu, Kakamega. Babu yangu alikuwa na duka kando ya barabara kabla ya Uhuru, duka lilibomoka kitambo na sasa pale ni nyasi na miti ya mapera. Tukilima tumeshaokota senti mbili za tundu na shilingi moja ya mfalme. Nataka ditekta nitafute vizuri. Nimeongea na wauzaji watatu, wa kwanza ako na ndogo anasema inashika sarafu sentimita 20, wa pili anasema yake inafika mita 1, wa tatu anasema mita 3 na amenitumia video. Bei inapanda vile mita zinapanda. Gani inaenda chini kweli? Sitaki kuuza ng'ombe bure.

JIBU: Kijana wangu, ng'ombe akae kwanza. Kati ya hao watatu ni yule wa sentimita 20 tu anayezungumza juu ya sarafu. Wale wengine wanazungumza juu ya kitu kingine, labda pipa ama shiti la mabati, lakini hilo hawajakwambia.

Wacha nieleze vile hii kitu inafanya kazi, manake ukishaelewa hapa hakuna muuzaji atakuzungusha tena. Ile sahani ya chini tunaita koili, ndani yake kuna waya umezungushwa mara nyingi, stima ya betri inapita humo ikienda na kurudi maelfu ya mara kwa sekunde moja (hiyo idadi ndiyo tunaita frikwensi) na inatoa nguvu ya sumaku inayoingia kwa udongo. Hiyo nguvu ikikuta sarafu inaamsha mkondo mdogo wa umeme ndani ya sarafu yenyewe, unazunguka pale ukingoni kama uji ukikorogwa kwa sufuria, na huo mkondo nao unatoa sumaku yake ndogo inayorudi juu mpaka kwa koili ya kupokea. Ndio unaskia mlio.

Shida ni safari. Umbali ukiongezeka mara 2, nguvu inayofika kwa sarafu inashuka mara 8. Halafu kurudi ni vilevile, mara 8 nyingine. Nane mara nane ni 64. Kwa hivyo sarafu iliyo sentimita 40 chini inakurudishia kitu dhaifu mara 64 kuliko sarafu hiyohiyo ikiwa sentimita 20. Sasa chukua ile mita 1 ya muuzaji wa pili, kutoka sentimita 20 hadi mita 1 ni umbali mara 5, na ukipiga hesabu hiyo kwenda na kurudi unapata mara 15,625. Hakuna mashine ya kubeba mkononi inayoweza kusikia shilingi moja hapo. (Ukiwa karibu kabisa na koili hesabu ni ya upole kidogo, lakini ukishapita umbali kama upana wa koili yenyewe ndio inabana hivyo.)

Hesabu hiyohiyo ndiyo inafanya mashine ya bei kubwa isiiache sana ile ya bei nafuu. Kutoka sentimita 20 kwenda 22, hizo mbili tu, mashine inatakiwa isikie karibu mara 1.8 vizuri zaidi. Ukiona bei ni mara tano usitegemee kina mara tano, tegemea vidole viwili, vitatu, na wakati mwingine hivyo vidole ndivyo vina maana na wakati mwingine hata havina.

Na hata hiyo namba ya kweli, uliza imepimwa wapi. Wengi wanapima hewani, wanashika sarafu mkononi wanaipitisha mbele ya koili mpaka mlio ukatike. Hewa haina chuma. Udongo wenu wa Kakamega uko nacho.

Nilipima mwenyewe nyumbani kwa shemeji yangu Vihiga, udongo mwekundu kama huo wenu, na mashine tatu za kuazima. Moja ni ya bei ya chini ya frikwensi moja na koili ya inchi 9, ya pili ni ya frikwensi nyingi kwa pamoja na koili ya inchi 11, ya tatu ni ile aina ya palsi, inayotuma stima kwa mipigo mifupi mifupi, inayotumiwa na wachimba dhahabu. Sikutaka kuchimba shimo na kufukia, kwa sababu udongo ukishachimbuliwa si ule tena, unakaa umelegea na majibu yanakuwa ya uongo. Nikatoboa na mtaimbo kwa mwinamo wa digrii 45 kupita chini ya nyasi ambayo haijaguswa, mtaimbo nikautoa nikaupeleka mbali, nikaingiza bomba la plastiki la inchi 2. Sarafu nikaibandika na selotepu kwa ncha ya fito ya mti, hiyo ncha nimeichonga mshazari ili sarafu ikiingia ilale chali sawa na ardhi. Kwa huo mwinamo kila sentimita 14 za fito ni sentimita 10 za kwenda chini. Shemeji anasukuma fito, mimi napitisha koili, mtoto wake wa darasa la sita anaandika.

Senti 10 ya tundu ya mwaka 1952, ile kubwa ya shaba yenye upana wa kama milimita 30. Hewani mashine ndogo iliisikia sentimita 27. Kwa ule udongo ikaishia 16. Ya frikwensi nyingi hewani 34, ardhini 23. Ya palsi hewani 33, ardhini 28, yaani udongo haukuisumbua sana. Ile shilingi ya 1952, ambayo si ya metali ya fedha bali ni shaba iliyochanganywa na nikeli, ilikuja nyuma kidogo ya senti 10 kwa mashine zote. Halafu nikachonga fito upya ili senti 10 isimame kwa ukingo badala ya kulala, na mashine ndogo ikapoteza sentimita 6 papo hapo, sarafu ileile, shimo lilelile.

Watu wengi wananiuliza kama lile tundu la katikati linapunguza mlio. Halipunguzi kitu cha maana. Nimesema mkondo unazunguka ukingoni, kwa hivyo katikati hakuna kazi kubwa inafanyika pale. Chenye kinaua mlio ni pete kukatika. Sarafu iliyopasuka kutoka tundu mpaka ukingo mkondo unakosa njia ya kuzunguka na mashine inaiona kama kitu kidogo sana.

Sasa sikia hii. Wiki iliyofuata nikabeba bomba langu na ile mashine ndogo mpaka upande wa Ahero, kwa udongo mweusi unaopasuka wakati wa kiangazi, nikarudia na senti 10 ileile. Ikafika 21. Mashine haijabadilika, mkono haujabadilika, kilichobadilika ni udongo, na tofauti ikawa sentimita 5. Hiyo mashine ya bei ya chini ikiwa Ahero inakaribia ile ya bei kubwa ikiwa Vihiga. Ndio maana mtu akiniuliza ditekta gani inaenda chini, nami namuuliza, wewe unatafutia wapi?

Kuna njia rahisi ya kujua udongo wako ukoje kabla hujalipa hata shilingi. Chukua sumaku ya spika iliyoharibika, ifunge na kitambaa chembamba, iburute juu ya udongo uliokauka pale palipokuwa na duka, hatua kama kumi hivi. Ukiinua na kitambaa kiko safi ama kina chembe chache, una bahati. Ukikuta kimeota ndevu nyeusi na za kahawia, hapo mashine ya frikwensi moja bila kusawazisha udongo, yaani kuifundisha isisikie chuma cha udongo wenyewe, itakusumbua. Fanya hivyo sehemu mbili tatu, na uangalie sana pale palipokuwa jikoni kwa mafiga, kwa sababu udongo uliochomwa na moto miaka mingi unakuwa na sumaku zaidi kuliko wa kando yake, utaskia mashine inalia na chini hakuna kitu.

Turudi kwa ununuzi. Frikwensi ya chini inapenda vitu vikubwa vinavyopitisha umeme vizuri kama shaba na fedha, frikwensi ya juu inapenda vitu vidogo kama punje za dhahabu. Garrett ACE 300 ni kilohezi 8, yaani mara 8,000 kwa sekunde, inazipenda sarafu za shaba, lakini haina njia ya kusawazisha udongo kwa mkono, imepangwa kiwandani, na kwa udongo wenu hilo ni pengo. Nokta Simplex+ ni kilohezi 12 na inasawazisha. Minelab Equinox 800 inatumia frikwensi nyingi kwa pamoja na inavumilia udongo mbaya. Najua Kakamega vijana wengi wako na Minelab Gold Monster 1000 kwa sababu ya dhahabu, hiyo ni kilohezi 45, ni kali sana kwa punje ndogo lakini si mashine ya kufuata sarafu za shaba chini, kwa hivyo usiazime hiyo halafu ukate tamaa.

Na ile ya palsi iliyoshinda wote kwa kina? Kwa duka la babu yako mimi singeichukua. Haichuji chuma vizuri, na duka la zamani lililobomoka ni misumari ya mabati kila mahali, vifuniko vya soda, bawaba za milango, waya. Utachimba mashimo mia kwa sababu ya misumari mia. Isitoshe, hata kwa mashine inayochuja chuma, msumari ukilala karibu na sarafu unaificha, mashine inasikia chuma inanyamaza na sarafu inabaki. Kwa mahali kama hapo koili ndogo ya inchi 6 yenye umbo la DD (waya zake zimepangwa kama herufi D mbili zinazolaliana) itakuletea sarafu nyingi kuliko koili kubwa, kwa sababu inaona eneo dogo na inaweza kutenganisha msumari na senti. Inapoteza kina, ndio, lakini fikiria hizo senti ziko wapi. Nyinyi mnalima pale kwa jembe, na jembe linageuza udongo wa sentimita 15 hadi 20, sarafu zinapanda na kushuka humohumo. Zile mlizookota hazikutoka mita 3.

Ukishapata mashine, usiweke sensitiviti, ule ukali wa kusikia, mwisho. Hilo ni kosa la kila mtu mgeni. Kwa udongo mwekundu ukiipeleka mwisho inaanza kusikia udongo wenyewe, kelele inajaa na ule mlio mwembamba wa sarafu ya chini unapotelea humo. Ishushe mpaka inyamaze, halafu uipandishe kidogo. Fyeka nyasi pia, manake koili ikielea sentimita 5 juu ya ardhi hizo 5 umeshazitoa kwa kina chako. Pitisha polepole, kila mzunguko ulalie nusu ya ule uliopita, simu zima ama uiache nyumbani, na ukiwa chini ya waya za stima badilisha chaneli kama mashine inaruhusu.

Na yule wa mita 3 na video yake, mwambie aje Shinyalu. Mwekee shilingi moja sentimita 30 chini bila kumwonyesha ni wapi. Akija na akiipata, niandikie tena.

SWALI: Fundi habari. Niko Nakuru, mtaa wa Bahati. Nina koili ya inchi 11, nikinunua ya inchi 15 nitaenda chini zaidi kwa sarafu?

JIBU: Kidogo, na si kila mahali. Koili kubwa inasukuma sumaku mbali zaidi lakini inaisambaza kwa eneo kubwa, kwa hivyo kitu kidogo kinapata sehemu ndogo ya ile nguvu. Kwa chungu ama panga la zamani utaona faida kubwa. Kwa sarafu unaweza kuongeza sentimita mbili tatu kwa udongo mzuri, na kwa udongo mbaya unaweza hata kupoteza, kwa sababu koili kubwa inasikia udongo mwingi zaidi kwa wakati mmoja, na nyinyi huko Nakuru mmekalia majivu na mawe ya volkano. Pia ni nzito, ukifika saa ya pili mkono unachoka unaanza kuinua koili juu na kina kinapotea hivyohivyo. Azima kwanza kwa mtu.

SWALI: Mimi nina ploti karibu na Ziwa Elementaita. Ditekta yangu nikiwasha kwa ule udongo wa chini karibu na ziwa inalia ovyo hata hakuna kitu, lakini nikienda kwa ndugu yangu Dunga, Kisumu, hata kwa tope la ziwa inatulia. Imeharibika ama?

JIBU: Haijaharibika ndugu yangu. Ziwa Victoria ni maji baridi, tope lake halipitishi umeme sana. Elementaita ni ziwa la magadi kama Nakuru na Bogoria, ile chumvi ikilowa inapitisha umeme na mashine inaiona kama metali iliyotandazwa ardhini. Watu wa Mombasa wanaijua shida hiyo kwa mchanga wa bahari. Ukiwa na mashine ya frikwensi moja unaweza kuisawazisha na chumvi ama kuisawazisha na chuma cha volkano, zote mbili kwa pamoja haiwezi, na wewe hapo ulipo uko na zote mbili. Mashine ya frikwensi nyingi ama ya palsi ndiyo inaweza. Ama subiri kiangazi, udongo ukikauka kabisa chumvi inanyamaza, utaona tofauti mwenyewe.

Lakini kaa ndani ya ploti yako tafadhali. Elementaita, Nakuru na Bogoria zimo kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 2011, ufuo si mahali pa kuchimbachimba na ndege wako pale.

SWALI: Mwanangu fundi, naandikiwa barua hii na mjukuu. Niko karibu na Ahero. Walikuja wanaume wawili wakiwa na fimbo mbili za shaba, wakazunguka boma, zile fimbo zikapindana chini ya mti wa ng'owo. Wakasema hapo kuna chungu cha rupia mita 6 chini na mashine yao ya antena ikathibitisha. Nimeshawapa elfu 38. Sasa wanataka ng'ombe wa kusafisha mahali ndio chungu kisitoroke. Nifanye nini?

JIBU: Mama, pole sana, na usitoe hata kuku. Hao ni wezi. Imeniuma kusoma barua yako na nimeomba iwekwe hapa ili majirani waisome pia.

Zile fimbo hazisikii kitu. Zinalala kwa mkono huku zimesawazishwa hivi kwamba kiganja kikiinama kidogo tu, hata mwenyewe asipokusudia, zinapindana. Na hizo mashine za antena zinazodai kuona dhahabu kutoka mbali zimeshafikishwa mahakamani. Kule Uingereza mwaka 2013 James McCormick alifungwa miaka 10 kwa kuuza kifaa kinaitwa ADE 651, ambacho aliwauzia watu wa usalama nchi mbalimbali akisema kinagundua mabomu, na ndani hakukuwa na chochote cha kugundua. Ilikuwa kishikio na antena inayozunguka. Watu walikufa wakikiamini. Ukiona antena ya aina hiyo inayojigeuza yenyewe, jua ni mambo hayohayo.

Rupia za fedha zilitumika kweli Kenya hii mpaka 1920, na reli ilipofika Kisumu 1901 wafanyakazi walikuwa wakilipwa kwa hizo, kwa hivyo hadithi ina mahali pa kushika na ndio maana inaaminika. Lakini chungu kizima cha rupia, ambacho ni kikubwa kuliko sarafu moja mara nyingi, ditekta ya kawaida nzuri inaweza kukisikia nusu mita hivi udongo ukikubali. Kuna mashine za masanduku mawili kwa mti mmoja, zinatengenezwa kwa vitu vikubwa tu, hizo zinaweza kufika mita moja na zaidi kwa chungu kikubwa. Mita 6 hapana. Na mtu anayezika chungu chake kwa jembe hachimbi mita 6, mama, hicho ni kina cha kisima.

Wakirudi, mwambie mjukuu apange karai kumi za plastiki zimefunikwa chini, aweke shilingi kumi chini ya moja wao wakiwa hawaoni, na yeye mwenyewe asimame mbali asije akawaonyesha kwa macho. Wajaribu mara tano. Watakataa. Lakini kabla ya hayo nenda kwa chifu na kituo cha polisi ukaandikishe, ubebe ujumbe wa M-Pesa kama ulituma kwa simu, na usiende peke yako.

SWALI: Nafundisha sekondari hapa Kisumu. Wanafunzi wangu wa klabu ya historia wanataka tutumie ditekta tuende maeneo ya kale kama Hyrax Hill Nakuru ama Thimlich Ohinga kule Migori. Inaruhusiwa?

JIBU: Mwalimu, hapana, na nakushukuru kwa kuuliza kabla. Sheria ya Makumbusho na Turathi ya 2006 inataka mtu awe na leseni ndio atafute vitu vya kale, na kitu cha kubebeka kilichotengenezwa ama kuletwa Kenya kabla ya 1895 kinahesabiwa ni cha kale, hata ukikipata kwa bahati unatakiwa kutoa taarifa. Thimlich Ohinga iko kwenye orodha ya urithi wa dunia tangu 2018. Hyrax Hill ni mahali mtafiti wa mambo ya kale Mary Leakey alichimba kuanzia 1937, tena kwa brashi na vipimo, akiandika kila kitu kilikuwa tabaka gani. Sarafu ama shanga ikitolewa pale na jembe bila kuandikwa ilikuwa na nini kando yake, inabaki kipande cha metali tu, hakuna mtu atajua tena nani aliiangusha na wakati gani.

Wapeleke Hyrax Hill kama wageni, makumbusho ipo. Ya Kisumu nayo iko hapo mjini. Halafu ukitaka somo la ditekta fanya lile jaribio la bomba kwa kiwanja cha shule. Wape shilingi moja ya twiga ya 2018, hiyo ni chuma kilichopakwa nikeli, na senti 10 ya tundu ya shaba. Hiyo ya twiga sumaku inaivuta na ditekta inaiona kama msumari, mlio unakatikakatika. Ya shaba ina mlio uliosimama. Wataelewa fizikia na historia kwa saa moja, na mtafukia mashimo yenu.

SWALI: Nimepata shilingi ya 1925 shambani Mumias, imekuwa nyeusi. Niisugue na nini? Na inauzwa ngapi, nimeskia mamilioni?

JIBU: Usiisugue dada. Si majivu, si ndimu, si brashi ya waya. Iloweke kwa maji safi siku moja mbili, udongo ulainike wenyewe, halafu uifute kwa kitambaa laini kwa kugusa tu. Mikwaruzo ndiyo inashusha bei kwa watu wanaokusanya. Shilingi za Afrika Mashariki za miaka hiyo ni robo fedha, uzito wake ni gramu 7.8 hivi, kwa hivyo fedha iliyomo haifiki gramu 2. Mamilioni hakuna. Anayekupigia simu akisema atanunua kwa mamilioni lakini utume kwanza ada ya kuikagua, kata simu. Iweke kwa bahasha ya karatasi kavu, uandike juu tarehe uliyoipata, sehemu gani ya shamba na ilikuwa sentimita ngapi chini.